Kiti cha Pili Hakikauki

Mpulungu, Zambia
3 Agosti 2024

Mpwa wangu Raheli,

Marahaba. Leo ni tarehe tatu Agosti, mwaka elfu mbili ishirini na nne, na tangu nitoke Singida ni miaka arobaini na miwili, miezi mitano na siku ishirini. Nahesabu kwa sababu kuhesabu bado nakuweza. Kushona kumeanza kunishinda. Tundu la sindano nalibahatisha.

Barua yako ililetwa na Simeoni, dereva wa lori linaloleta huku mafuta ya alizeti na kurudi na samaki wakavu kwa njia ya Chunya, Rungwa na Itigi. Aliingia kibandani kwangu kwa kelele: "Mzee, wewe ndiye Gaspari Njiku wa Unyambwa? Mpwa wako amekutafuta kama mbuzi aliyekata kamba!" Ilinichukua muda kukubali kwamba ndiye mimi. Huku naitwa Mtanzania tu.

Unasema wewe ni binti wa dada yangu Yustina, na ulizaliwa miezi mitano baada ya baba yako, Alute, kuzama Ziwa Singidani. Nilipoondoka nilijua Yustina ana mimba. Sikujua kama ni msichana. Sasa nimejua, nakushukuru.

Kuhusu namba ya simu uliyoandika, niwie radhi. Sikio la kulia limekufa, la kushoto limezoea mlio wa cherehani na halitaki mwingine. Niandikie.

Sasa jambo la boti. Umesema Janeth, binti wa marehemu Bonaventura, amewapa kikundi chenu cha akina mama boti la aluminiamu la baba yake, na mnataka kuwapeleka wageni kutazama ndege ziwani. Viti vinachafuka upesi, na umeambiwa kwamba mjomba wako ameshona viti vya boti Ziwa Tanganyika maisha yake yote. Ni kweli. Nitakueleza ninavyofanya.

Maji ya ziwa lenu yana chumvi, na chumvi ikikauka juu ya ngozi bandia chini ya jua, kila anayekaa anaisugua kama msasa. Kwa hiyo osheni kila baada ya safari, si kila Jumamosi. Tumieni maji ya mvua au ya bomba. Osheni asubuhi, ngozi ikiwa bado baridi. Sabuni ikikaukia juu ya ngozi yenye moto inaacha ramani zisizotoka. Sabuni iwe ya maji, ile ya vyombo, kidogo sana, na brashi iwe laini kama ya kusugulia mtoto. Kwenye koga pakeni siki, sehemu moja kwa maji sehemu nne, subirini robo saa, suuzeni. Msitumie klorini. Ngozi itang'aa, lakini uzi utakufa kimyakimya, na siku moja mtu atakaa na mshono utaachia.

Kisha kaushieni kivulini, viti vikisimama kwa ubavu ili upepo upite pande zote. Usiku na mchana vifunikwe kwa turubai la rangi hafifu lenye nafasi ya kupitisha hewa. Plastiki nyeusi inapika. Kila miezi miwili pakeni dawa ya kukinga jua isiyo na mafuta.

Sijui nani amewashonea viti hivyo. Akiwa fundi mzuri, vitadumu miaka sita katika joto la huko. Niambie vimejazwa nini.

Nisalimie mama yako. Usimwambie nimezeeka, mwambie niko vilevile.

Mjomba wako,
Gaspari Njiku


Unyambwa, Singida
19 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliisoma kwa sauti, mama akiwa amekaa kwenye mkeka anapeta ulezi. Nilipofika pale "mwambie niko vilevile" akacheka hadi ungo ukamwagika. Akasema, "Muongo huyo! Hata alipokuwa kijana hakuwa vilevile siku mbili mfululizo."

Mjomba, tumefanya makosa yote. Tulikuwa tunaosha kwa maji ya ziwa, maana yapo hapohapo. Halafu Aneth, fundi wetu wa makochi, akatuambia tupake viti mafuta ya alizeti ving'ae. Si unajua huku kila kitu kinapakwa alizeti, kuanzia ugali hadi mlango. Viling'aa siku mbili. Siku ya tatu vikanata, na vumbi lote la Singida likaja kukaa. Diwani alikaa kwa heshima zake zote, na aliposimama suruali ikabaki nyuma kidogo. Tumeosha kwa sabuni na maji ya bomba kama ulivyosema na vimekuwa vizuri.

Isipokuwa kimoja.

Lakini kwanza nijibu swali lako la fundi, nitakufurahisha. Fundi ni wewe. Janeth alipofungua dari ya nyumba ya baba yake tulikuta viti vyote sita vya lile boti. Turubai la juu limechakaa, lakini mfuko wa ndani wa kitambaa cha marekani ni mzima, na kwenye kila mmoja pameandikwa kwa wino: G. Njiku, Januari 1982. Mama alishika mshono akasema asithubutu mtu kuufumua. Kwa hiyo Aneth ameviwekea ngozi bandia nyeupe juu ya kazi yako bila kuigusa. Hata yeye mwenyewe, anavyojisikia, alisema, "Huyu mzee alikuwa anashona au anaandika?" Mama anasema ulivijaza sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, ili boti likipinduka mtu ashike kiti chake aelee. Ndiyo maana hatukuhangaika na maboya. Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba tutawapeleka watoto wa shule ya Jumapili, watano watano. Wanafanya mazoezi ya nyimbo za kuimbia majini.

Sasa hicho kimoja. Ni kiti cha pili, kile cha nyuma kilicho jirani na cha mshika injini. Hakikauki. Boti liko bandani, juu ya magogo, halijagusa maji wiki tatu. Ni Agosti, upepo unakausha hata mate mdomoni. Lakini kila nikienda saa sita mchana nakikuta kimelowa, na hakilowi chote. Kinalowa pale mtu anapokaa: mapaja mawili, na juu yake mgongo. Kikikauka kidogo, chumvi inabaki pembeni kama mtu amechorwa kwa chaki. Nafuta. Kesho yupo.

Aneth anauliza kila asubuhi, "Huyu mwenye makalio ya maji amekuja leo?" Tunacheka. Lakini hakuna anayekikalia. Na Janeth anasema dari ile ilikuwa chini ya mabati, ukiweka yai linaiva, na bado gunia lililokuwa chini ya kiti hicho lilioza.

Tufanyeje, mjomba?

Mpwa wako,
Raheli Alute


Mpulungu
2 Septemba 2024

Mpwa wangu Raheli,

Marahaba. Sikujua viti vile vipo. Nilidhani vilikwenda chini na boti, na kwamba boti lilipoopolewa Bonaventura alivichoma. Mimi ningevichoma.

Unachokiona kina maelezo, na ni maelezo ya kawaida kabisa. Chumvi huvuta maji. Kiti kilichonywa maji ya ziwa siku tatu mwaka themanini na mbili kina chumvi ndani, na chumvi haichoki. Itavuta unyevu hewani hata kiangazi. Ngozi bandia haipumui, kwa hiyo unyevu unatokea pale mshono ulipolegea na kitambaa kilipokandamizwa zaidi, yaani pale watu wanapokaa. Hayo ndiyo mapaja, na huo ndio mgongo. Nimeona mambo kama hayo kwenye boti za hoteli huku. Mzungu mmoja alimwita mchungaji. Mimi nilibadilisha sponji.

Kwa hiyo usiogope. Kiondoeni kiti cha pili. Msikifungue, msikioshe tena, msikikaushe. Kichimbieni mbali na ziwa au kichomeni kilivyo. Boti lenye viti vitano ni boti zuri tu.

Ningewashauri pia mtafute maboya ya kuvaa kwa ajili ya watoto. Viti ni vya zamani. Sisemi zaidi ya hapo, ila kwamba ni vya zamani.

Umeniandikia kwamba mama yako alishika mshono. Je, alisema kitu kingine?

Nilitaka kukuuliza habari za Unyambwa. Nikifumba macho naona njia ya kutoka kwetu hadi ziwani, na mawe makubwa yaliyokalia mengine kama yamesahauliwa na mtu aliyeahidi kuyarudia. Nimesoma vitabu vingi katika miaka hii, vingine vya watu walioishi mbali na kwao. Wote hukumbuka harufu. Mimi nakumbuka upepo tu, ulivyokuwa ukiinuka ghafla saa nane mchana bila wingu.

Mjomba wako,
Gaspari


Unyambwa
15 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Tulikiondoa. Aneth na mimi tulikibeba hadi nyuma ya shamba la Janeth, tukachimba, tukafukia. Kilikuwa kizito kuliko sisi wawili tulivyotegemea. Kesho yake saa tano nilimkuta mama ndani ya boti bandani. Kiti cha pili kilikuwa mahali pake, kimefutwa udongo. Mama ana miaka sitini na mitano na mgongo mbovu, mjomba. Nikamwuliza, "Mama, nani amekubebea?" Akasema, "Kilikuwa chepesi."

Sasa anakwenda kila siku baada ya chakula cha mchana. Hakikalii hicho kiti. Anakaa cha mbele yake, amegeuka nyuma, anaongea Kinyaturu taratibu, na ananyamaza kama mtu anayesubiri zamu ya mwenzake. Nilimsogelea siku moja akaniambia, "Pita upande ule mwanangu, unamkanyaga." Mimi ni mwalimu, nafundisha sayansi darasa la sita. Nilipita upande ule.

Na si kimoja tena. Cha tatu kimeanza, na cha tano. Kwenye cha pili kuna kitu kipya: chini ya ukingo wake, kushoto na kulia, kuna alama za chumvi nne nne. Aneth alizitazama, akaweka vidole vyake juu yake, vikaingia sawasawa. Akavitoa haraka. Siku hiyo hakutania.

Maelezo yako ya chumvi niliwasomea wote na niliyaelewa. Nilijaribu hata kuyafundisha. Lakini mbona kiti cha kwanza hakijawahi kulowa, na kilikuwa boti lilelile, na ziwa ni lilelile?

Maboya hatujapata. Mama mwenyekiti wa kikundi chetu anasema haina haja, viti vinaelea, vilitengenezwa hivyo na mtu tunayemjua. Tarehe 12 haibadiliki. Watoto wameshashonewa sare.

Umeuliza kama mama alisema kitu kingine. Amesema mawili, nayaandika kama alivyosema. La kwanza ni kuhusu godoro lake, lile ulilompa alipoolewa, hajawahi kukubali lingine. Anasema siku hizi akijilaza mchana linamyumbisha, polepole, kama limewekwa juu ya maji. Nilidhani ni kizunguzungu, nikampeleka zahanati. Presha yake iko sawa.

La pili amesema nikuulize. Wewe na baba mlikuwa wawili siku ile, na watu wote wanajua kwamba wewe uliogelea hadi ufukweni. Mama anataka kujua uliogelea upande gani, kwa sababu Alute hakukuona ukiogelea. Nilidhani anazungumzia zamani, kwamba baba hakuwahi kukuona ukiogelea mlipokuwa vijana. Nilipokuwa naandika sentensi hii ndipo nilipoona kwamba hakusema hivyo.

Raheli


Mpulungu
4 Oktoba 2024

Raheli,

Usimpakie mtoto yeyote kwenye boti lile. Nimemwomba Simeoni aipige picha barua hii, kila ukurasa, akutumie kwa simu leo hii hii, halafu akuletee yenyewe. Viti havielei. Nitakueleza, lakini ukiwa huna muda wa kusoma yote, hilo limetosha.

Mwezi wa nane mwaka themanini na moja, Bonaventura aliniletea gunia la sufi kutoka Tanga. Alitaka viti sita vya kukalia na kuokolea. Sufi hainywi maji. Kiti kilichojazwa vizuri humbeba mtu mzima nusu siku. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nilikuwa na cherehani yangu sokoni, na nilijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote mjini.

Mwezi uliofuata Yustina aliolewa. Katika nyumba yetu kaka mkubwa ndiye humpa dada yake godoro, na godoro hilo hutazamwa. Wanawake wa upande wa mume huja, hulibonyeza, hulinusa, husema. Shangazi zake Alute walikuwa na midomo. Pamba ningeweza kununua. Kila mtu alilalia pamba. Sufi hakuna aliyekuwa nayo. Nilifungua gunia la Bonaventura. Nilikuwa na nia ya kutafuta nyingine kabla ya viti, na nilipotafuta haikuwepo. Shangazi walibonyeza godoro, wakanyamaza. Mama yangu alilia kwa furaha. Sijawahi kusifiwa kazi kama siku ile.

Januari Bonaventura alitaka viti vyake. Sufi iliyobaki ilitosha kiti kimoja. Vingine vitano nilivijaza pamba ya Iramba, nikaisukuma kwa mti hadi ikabana, nikashona mishono midogo ili asiwepo wa kuona hamu ya kufumua. Pamba huelea dakika chache. Kisha hunywa.

Tarehe tano Februari, siku ya Ijumaa, Alute na mimi tulilijaribu boti. Mimi nilishika injini, nimekalia kiti cha kwanza. Yeye alikaa pembeni yangu, cha pili. Alikuwa akinitania kuhusu lile godoro, anasema, "Shemeji, umeniharibia dada yako, sasa hataki kuamka." Saa nane upepo uliinuka. Tulipinduka tukiwa mbali na pande zote. Yeye alishika kiti chake, mimi changu. Tulikuwa karibu hivi, ningeweza kumshika bega. Alifurahi, Raheli. Alisema, "Asante Mungu, na asante Gaspari." Kisha akaona kiti chake kinakwenda chini, akakitazama, halafu akanitazama mimi. Alikikumbatia zaidi. Hakukiachia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekishona.

Mama yako anauliza niliogelea upande gani. Mwambie sijui kuogelea, hata leo, na nimeishi kando ya maziwa mawili. Kiti cha kwanza kilinibeba kwa saa tatu hadi ufukweni. Nilikikalia siku ile kwa sababu nilijua ndicho kilicho na sufi. Nilikichagua tangu boti likiwa juu ya mchanga.

Nilipotoka majini watu walinishangilia. Walichinja mbuzi, wakamshukuru Mungu kwamba ziwa limechukua mmoja tu. Yustina alininawisha mikono kwa mikono yake. Siku ya tisa niliondoka. Barua ya chumvi niliyokuandikia haikuwa ya uongo. Chumvi huvuta maji, na pamba huyashika. Lakini nilipoiandika nilijua tayari, na nikakuambia mkiondoe kiti kimoja tu, wakati vibovu ni vitano.

Kama huniamini, vifunge kamba kila kimoja na uvitie majini, uhesabu dakika. Ufanye kabla ya tarehe kumi na mbili.

Gaspari


Unyambwa
14 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo salamu mara mbili na kuifuta mara moja. Nimeiacha kwa sababu nimelelewa hivyo.

Picha zilifika saa nne asubuhi, tarehe nne. Watoto hawakupanda. Walilia, wengine na sare zao. Mama mwenyekiti alitaka sababu mbele ya watu, nikamwambia twende ziwani na viti.

Tulikwenda saa saba mchana, wanawake kumi na mmoja. Tulifunga kamba kama ulivyosema. Cha pili kilikaa juu dakika nne, cha tatu sita, vingine havikufika kumi. Aneth alikuwa anahesabu kwa sauti na sauti yake ikawa inapungua. Cha kwanza hakikuzama. Kilikaa juu, kikavu kwa juu, saa nzima. Kisha kamba ikafunguka, na mimi ndiye niliyeifunga, kikaondoka. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, unatoka ziwani kuja kwetu. Kiti kilikwenda kule upepo ulikotoka. Tulikitazama mpaka hatukukiona.

Tulivivuta vile vitano tukavifumua. Vinne vilikuwa na pamba iliyooza, basi. Cha pili pamba yake ilikuwa imeshikana kitu kimoja kama unga uliokandwa, na ndani yake, pande mbili, mlikuwa na mashimo ya vidole vinane. Yalikuwa ndani ya mfuko, mjomba. Mfuko ambao haukuwahi kufumuliwa. Tuliichoma pamba yote. Ilichukua siku mbili kushika moto.

Sikutaka kumwambia mama. Nilificha simu, nikakaa na maneno yako siku tisa. Jana tunakula akaniuliza, "Na godoro amelitaja?" Nikaangusha kijiko. Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Alute ameniambia. Hana hasira. Nilimwuliza mara nyingi kama ana hasira, anasema ameshangaa tu."

Basi nikamsomea yote. Hakulia. Alisukuma kikombe cha chai pembeni, akasema, "Miaka arobaini na mitatu nimelala juu ya pumzi ya mume wangu." Akaniuliza wewe na baba mlikuwa karibu kiasi gani. Nikasoma tena pale uliposema ungeweza kumshika bega. Akanyoosha mkono wake hewani, akapima.

Leo asubuhi nimemkuta amefumua godoro. Sufi imejaa chumba kizima, iko kwenye nywele zake, kwenye kope. Anasema irudishwe kwenye viti vya boti ilikotakiwa kuwa. Anasema uje wewe uijaze kwa mkono wako, mishono ileile. Hataki fundi mwingine. Haya ndiyo maneno yake, aliniambia nisipunguze:

"Mwambie Gaspari arudi nyumbani. Hakuna atakayemgusa. Aje ashone, halafu tutapanda boti, tukae nyuma kama walivyokaa. Alute amemwekea nafasi."

Mjomba, mimi nina haki ya kukuchukia na bado sijaanza; labda nitaanza kesho. Lakini ukiniuliza kama mpwa, sijui mama anakuita kukusamehe au kufanya nini. Nimemtazama usoni akisema na sikuweza kujua. Jibu mwenyewe.

Raheli


Mpulungu
9 Novemba 2024

Mpwa wangu Raheli,

Nimepokea salamu yako, pamoja na ile uliyoifuta. Marahaba.

Nianze na kazi, kwa sababu hapo peke yake ndipo ninapoweza kuaminiwa. Sufi iliyolaliwa miaka arobaini na mitatu imepondeka. Nyuzi zake zimevunjika, hewa imetoka, haitambeba mtu. Mama yako akisisitiza, mruhusu aijaze kwenye mito ya nyumbani, si kwenye boti. Nunueni maboya ya kuvaa ya ukubwa wa watoto, yenye alama ya ukaguzi, na kila mtoto avalishwe lake kabla hajakanyaga boti. Viti jazeni sponji ngumu isiyonyonya maji, ambayo Aneth ataipata Dodoma, na atoboe matundu madogo chini ya kila kiti ili maji yatoke. Mwambie asione haya kuacha mshono wa kufunguka upande mmoja, wa zipu. Kiti cha boti lazima mtu yeyote aweze kukifungua na kuona kilicho ndani.

Sasa ya mama yako. Simeoni amenisubiri siku mbili. Amenipa nafasi kwenye lori, bure, hadi mlangoni kwenu, na anasema barabara ya Rungwa ni nzuri kabla ya mvua. Hati ya kusafiria ninayo. Miguu ninayo. Sina wa kumuaga huku isipokuwa jirani mmoja anayeniazima redio.

Kama Yustina angeniita ili anitukane mbele ya watu, ningekuja. Kama angeniita anipeleke polisi, ningekuja, nadhani. Lakini ameniita nikae tena palepale, na mimi najijua. Boti likipinduka leo, na vikiwa viti viwili, mkono wangu utakwenda kwenye kile kinachoelea, nitamtazama mwenzangu akizama. Nimejiuliza kwa miaka yote hii kama nimebadilika, kwa uaminifu, kama mtu anayepima kitambaa cha mwingine, na kila mara kipimo ni kilekile.

Mwambie dada yangu kwamba nimesikia, na kwamba sikuomba msamaha katika barua hii kwa sababu ningeuomba kwa ajili yangu.

Sitarudi Singida.

Gaspari Njiku